Bei ya Lita Moja: Nani Huipanga, Fedha Huenda Wapi, na Nini Hurudi Katani

MAKALA YA ELIMU KWA UMMA
Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, maarufu kama EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila wilaya nchini. Siku hiyo hiyo mazungumzo huanza katika vijiwe vya bodaboda, kwenye mashine za kusaga na katika machimbo ya dhahabu ya Namungo. Bei ikipanda, lawama hutupwa kila upande: mwenye kituo, Serikali, vita vya mbali. Bei ikishuka, nauli hubaki pale pale.

Makala haya yanakusudia kumwezesha mkazi wa kata zetu, Ruangwa na kwa jirani zetu wa Nachingwea, kuifahamu lita moja ya mafuta kama anavyolifahamu debe la mahindi: imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na kila mkono umechukua kiasi gani. Lengo ni kujua swali gani aulizwe nani. Mtu asiyejua sehemu za bei humlaumu asiyehusika na kumwacha anayehusika akipita bila kuulizwa.

MIKONO MITANO NDANI YA LITA MOJA

Mkono wa kwanza ni soko la dunia. Tanzania haichimbi mafuta ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER kilichojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 kiliacha kazi hiyo miongo miwili na zaidi iliyopita. Kwa hiyo petroli na dizeli yote tunayotumia hununuliwa nje ikiwa imekwisha kusafishwa, hulipwa kwa dola za Kimarekani, na husafirishwa kwa meli. Bei ya dunia ikipanda, au shilingi ikidhoofika mbele ya dola, sehemu hii hupanda, wala hakuna diwani, mkuu wa wilaya au mwenye kituo awezaye kuizuia. Aidha, mafuta yanayouzwa mwezi huu yalinunuliwa wiki nyingi zilizopita. Ndiyo maana redio hutangaza kuwa bei ya dunia imeshuka, nawe ukifika kituoni hukuti nafuu hiyo hadi baadaye.

Mkono wa pili ni gharama za bandari na taasisi zinazosimamia upokeaji, upimaji na ubora. Tangu kuanza kwa utaratibu wa uagizaji wa mafuta kwa pamoja, makampuni hayaagizi tena kila moja kwa meli yake ndogo. Mahitaji hukusanywa, zabuni hushindanishwa, na aliye na bei nafuu huleta shehena kubwa. Kazi hiyo husimamiwa na Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, PBPA. Bandari zinazopokea ni Dar es Salaam, Tanga na Mtwara.

Mkono wa tatu ni kodi na tozo za Serikali, ambazo tutazieleza kwa kirefu hapa chini.

Mkono wa nne ni faida ya muuzaji wa jumla na ya muuzaji wa rejareja. Faida hizi nazo zimewekewa kiwango na EWURA ndani ya ukokotoaji wa bei kikomo.

Mkono wa tano ni umbali. Kwa mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma, bei hukokotolewa kwa kufuata mafuta yaliyopokelewa katika Bandari ya Mtwara. Shehena ya Mtwara inapokosekana, mafuta huchukuliwa Dar es Salaam na gharama ya safari ndefu huingizwa katika bei. Kisha kuna kipande cha kutoka bandarini hadi kwetu. Wazee wetu wanakumbuka kwamba wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, Nachingwea iliunganishwa na pwani kwa reli. Mradi ulishindwa, na reli hiyo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo kila pipa la mafuta huja kwa gari kubwa, nalo gari hilo hutumia mafuta yale yale. Ndiyo sababu bei kikomo ya Ruangwa, ya Nachingwea na ya Liwale hazilingani.

Thamani ya bandari iliyo karibu ilionekana wazi Mei 2024, mvua kubwa zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoharibu barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mkoa unaotegemea barabara moja kutoka mbali huathirika haraka njia hiyo inapokatika.

KODI NA TOZO: KIASI CHAKE NA SABABU YAKE

Mafuta hutozwa malipo makuu matatu: ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta na ada ya petroli. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2021/22, lita moja ya petroli ilibeba shilingi 379 za ushuru wa bidhaa, shilingi 413 za tozo ya mafuta na shilingi 100 za ada ya petroli. Jumla ni shilingi 892. Dizeli ilibeba shilingi 768, kwa kuwa ushuru wake wa bidhaa ni mdogo, shilingi 255. Katika mwaka wa fedha 2023/24 Bunge liliridhia nyongeza nyingine ya shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya miradi ya kimkakati.

Jambo moja lieleweke vizuri. Malipo haya yamewekwa kwa shilingi kamili kwa kila lita, si kwa asilimia ya bei. Maana yake ni kwamba bei ya dunia ikipanda, kodi hizi hazipandi pamoja nayo. Tuchukue zile shilingi 892. Lita ikiuzwa shilingi 2,500, kodi ni zaidi ya theluthi moja ya bei. Lita hiyo ikiuzwa shilingi 3,400, kodi ni zaidi kidogo ya robo. Wenzetu wa Kenya wana utaratibu mwingine: pamoja na tozo za kiwango maalumu, mafuta yao hutozwa kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kwa asilimia 8 mwaka 2018 na kupandishwa hadi asilimia 16 mwaka 2023. Kodi ya asilimia hukua kila bei ya dunia inapokua, na nchini humo jambo hilo limekuwa chanzo cha mivutano mikali ya kisiasa.

Kwa nini basi Serikali hutoza mafuta? Sababu ya kwanza ni wepesi wa kukusanya. Mafuta huingia kwa bandari chache, hupimwa, na kodi hulipwa kabla hayajasambaa. Sababu ya pili ni haki ya matumizi: anayetumia barabara zaidi huchoma mafuta zaidi, na hivyo huchangia zaidi matengenezo yake. Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito. Mafuta yamo ndani ya kila kitu. Mama anayenunua chumvi dukani hana gari, lakini chumvi ile imekuja kwa gari. Kwa hiyo kodi ya mafuta humfikia hata asiyewahi kukanyaga kituo cha mafuta. Mizani kati ya hoja hizi mbili ndiyo siasa ya mafuta, na huamuliwa bungeni kila Juni bajeti inapojadiliwa.

FUNZO LA MAFUTA YA TAA, 2011

Uamuzi wa kodi unaweza kutatua tatizo moja na kuzaa jingine. Kabla ya mwaka 2011 mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwa ndiyo taa na jiko la mnyonge. Wafanyabiashara wasio waaminifu wakaiona tofauti ya bei, wakachanganya mafuta ya taa na dizeli, na neno uchakachuaji likaenea nchi nzima hadi kwenye siasa na muziki. Injini ziliharibika, na mapato ya Serikali yakapotea. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, huku ule wa dizeli ukipunguzwa, ili faida ya kuchanganya iondoke.

Hatua hiyo, pamoja na vinasaba vinavyowekwa katika mafuta ili kutambua yaliyochanganywa, iliziba mwanya wa wachakachuaji. Hata hivyo gharama ilimwangukia pia mkazi wa kijiji kisicho na umeme, ambaye hakuwa amechanganya chochote. Kibatari chake kikawa ghali. Kila kodi inapopendekezwa, mwananchi anapaswa kuuliza mambo mawili: inakusudia kumgusa nani, na kwa kweli itamgusa nani?

RUZUKU YA MWAKA 2022

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya dunia iliruka. Mei mwaka huo bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ilifika shilingi 3,148 kwa lita. Serikali ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni, na bei ikashuka hadi shilingi 2,994. Ruzuku iliendelea kwa miezi kadhaa, lakini Agosti petroli ilifika shilingi 3,410, kwa sababu soko la dunia lilipanda kwa kasi kuliko uwezo wa ruzuku kulishusha.

Ruzuku ilizuia nauli na bei za vyakula zisipande ghafla. Pamoja na hayo, ruzuku ya lita humnufaisha zaidi anayenunua lita nyingi: mwenye magari kumi hupata mara nyingi kuliko mwenye pikipiki moja. Kadhalika, bilioni 100 zinazotumika kupunguza bei ya mwezi mmoja ni bilioni 100 ambazo hazijengi zahanati wala daraja.

SHILINGI MIA MOJA YA BARABARA ZETU

Tunafika sasa kwenye sehemu inayomhusu mkazi wa kata moja kwa moja. Tozo ya mafuta huingia katika Mfuko wa Barabara. Kwa mgawanyo wa miaka mingi, asilimia 70 ilielekezwa kwenye barabara kuu na za mikoa, ambazo leo ziko chini ya TANROADS, na asilimia 30 kwenye barabara za wilaya, zinazosimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, tangu ulipoanzishwa mwaka 2017. Barabara zinazotoka shambani hadi ghala la chama cha msingi, zinazompeleka mjamzito zahanati na mtoto shule, ziko katika kundi hili la pili.

Juni 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na tozo ya mafuta ikatoka shilingi 313 hadi 413. Ilielezwa bungeni kwamba nyongeza hiyo ilikusudiwa barabara za TARURA, na makisio ya mapato yake yalikuwa takriban shilingi bilioni 322 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Tufanye hesabu ndogo. Dereva wa bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku hulipa, kwa kiwango hicho cha shilingi 413, shilingi 1,239 za tozo ya mafuta kila siku ya kazi. Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, ni shilingi 32,214. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 386,000. Kijana huyu ambaye wengi humwona kuwa halipi kodi ni mchangiaji mkubwa wa matengenezo ya barabara. Masika yanapofika, akasukuma pikipiki yake kwenye tope kati ya kijiji na kijiji, ana haki kamili ya kuuliza: mchango wangu umefanya nini msimu huu?

Swali hilo lina mahali pake. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo barabara korofi zinapotajwa, zikaingizwa katika vipaumbele, zikapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata na hatimaye Baraza la Madiwani. TARURA ni wakala wa Serikali Kuu na haiamriwi na Halmashauri, lakini mpango wake wa mwaka huwasilishwa kwa madiwani na hujadiliwa. Kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na bajeti za halmashauri hujadiliwa mwanzoni mwa mwaka, barabara isiyotajwa mkutanoni kabla ya Desemba ina nafasi ndogo ya kuingia katika mpango wa mwaka unaofuata.

GESI YETU NA SWALI LA KUJITEGEMEA

Mara nyingi huulizwa: sisi wa Lindi na Mtwara tuna gesi asilia, kwa nini tununue mafuta ghali kutoka ng'ambo? Gesi ya Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Bomba hilo halikujengwa bila mabishano. Mwishoni mwa 2012 na mwaka 2013 Mtwara ilishuhudia maandamano na ghasia, na swali kuu lilikuwa nini kitabaki kusini. Sehemu ya jibu la kisheria ni ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo, unaolipwa kwa halmashauri za maeneo ya uzalishaji. Sehemu nyingine ni umeme, kwani kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara imewashwa kwa mitambo ya gesi iliyopo Mtwara.

Gesi hiyo, hata hivyo, haimiminwi katika tangi la pikipiki. Gari hutumia gesi iliyoshindiliwa baada ya kufungiwa mtungi maalumu, na huhitaji kituo cha kujazia. Vituo hivyo vilianzia Dar es Salaam mwaka 2009, na hata huko vimekua polepole. Mradi mkubwa wa gesi kimiminika wa Likong'o, Manispaa ya Lindi, bado uko katika majadiliano kati ya Serikali na makampuni, nao umekusudiwa zaidi soko la nje.

Nchi yetu inajua uchungu wa kutegemea mafuta ya nje. Baada ya misukosuko ya bei ya mwaka 1973 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili alasiri. Kujitegemea kwa kweli hakuanzi na kutafuta mafuta yetu. Huanza na kupunguza kazi zinazohitaji mafuta. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024. Umeme wa maji haupandi bei kwa sababu ya vita vya mbali.

Kwa kata zetu maana yake ni hii. Mashine ya kusaga inayochoma dizeli, karasha la mchimbaji linaloendeshwa na jenereta, na pampu ya bustani inayotumia petroli ni wateja wa soko la dunia kila asubuhi. Umeme ukifika kitongojini, au pampu ikifungiwa paneli za jua, mwenye kazi hiyo amejitoa katika bei ya Jumatano ya kwanza ya mwezi.

HAKI NA WAJIBU WAKO KITUONI

1. Bei kikomo ni dari, si sakafu. Muuzaji haruhusiwi kuivuka, lakini anaruhusiwa kuuza chini yake. Ulinganishe vituo.

2. Bei ya wilaya yako unaweza kuipata kwa simu yoyote kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Kituo nacho kinatakiwa kubandika bei mahali panapoonekana.

3. Dai stakabadhi kila ununuapo mafuta. Ukiuziwa mafuta mabovu, stakabadhi ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

4. Ukitilia shaka kipimo cha pampu, toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo. Ukitilia shaka ubora au bei, toa taarifa EWURA.

5. Mafuta ya kwenye chupa yanayouzwa vijijini hayana kipimo kilichohakikiwa, na kuyauza bila kibali ni kinyume cha sheria. Zaidi ya yote, petroli iliyohifadhiwa ndani ya nyumba ni hatari kubwa ya moto. Masharti ya kujenga vituo vidogo vijijini yamelegezwa, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukitoa mikopo nafuu kwa wajenzi wake. Vikundi vyenye nia vifike Idara ya Maendeleo ya Jamii kwa maelekezo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA KIJIJI

Je, ni barabara ipi katika kijiji chetu hukatika kwanza masika, na je, imo katika mpango wa TARURA wa mwaka huu? Ni mashine ngapi kijijini bado zinatumia dizeli ilhali nguzo za umeme zimeshafika? Nauli ya bodaboda ilipandishwa mafuta yalipopanda. Je, ilijadiliwa tena yaliposhuka? Na kijana anayeuza petroli kwa chupa, tunamsaidiaje apate kibali badala ya kumwacha aunguze nyumba?

Soko la dunia halitatusikia. Bunge hutusikia kupitia kwa mbunge wetu. TARURA na Baraza la Madiwani hutusikia kupitia mkutano wa kijiji, nao hufanyika bila nauli, chini ya mwembe au katika ofisi ya kijiji. Tarehe ya mkutano unaofuata katika kijiji chako imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtendaji. Tafadhali hudhuria.